Kisima cha Chumvi cha Kenga wa Masha

Kati ya Malindi na mdomo wa mto Sabaki kuna kijiji kiitwacho Kizingo, na katika kijiji hicho kuna kisima ambacho maji yake hayanyweki. Watu hufulia nguo, huoshea vyombo, hukorogea chokaa. Kinaitwa Kisima cha Kenga. Kenga huyo ni Kenga wa Masha, mchimba visima wa Jilore, naye alikuwa mume wangu. Alifariki katika homa kuu ya mwaka wa 1918.

Tangu azikwe nimesikia habari za kisima hicho zikisimuliwa kwa namna tatu, na zote tatu si kweli. Kuna wanaosema alikuwa amelewa. Wengine wanasema alikosana na watu wa Kizingo, akawatilia dawa majini. Wengine, na hawa ndio wengi, wanasema hakujua kazi. Kenga hakunywa tembo siku ya kazi, hakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Kizingo, na kazi yake aliijua kuliko mchimbaji yeyote niliyemsikia kutoka Jilore hadi Kilifi. Hata hivyo, kisima alikiharibu yeye. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu nilikuwapo.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, Masha, na Masha aliirithi kwa wajomba zake. Huku kwetu bara maji yako mbali, na ardhi ni ngumu. Masha alimfundisha mwanawe neno moja: maji yakikukimbia, yafuate. Kisima kikipungua wakati wa jua kali, mchimbaji hushuka na kuongeza kina, akayakuta maji yalikojificha. Kenga alilishika neno hilo tangu hajaota ndevu, na halikumdanganya hata mara moja. Alipima kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa, pima kwa pima, na alijua kwa harufu ya udongo kama ataendelea au atahama. Kabla ya kuchimba alimwita mwanamke wa nyumba ile asimame pale ambapo angependa kuweka mtungi wake. Wachimbaji wengine walimcheka kwa hilo. Yeye aliwaambia kwamba anayechota ndiye mwenye kisima.

Mimi ni mtu wa Rabai. Baba yangu alikuwa mwalimu katika misheni, nami nilisoma hapo mpaka nikaweza kufundisha watoto. Kenga alipokuja kuposa, baba alisita. Alisema hajui kama binti aliyesoma atakaa na mtu anayefanya kazi chini ya ardhi kama fuko. Kenga alijibu kwamba fuko hana kisomo lakini nyumba yake haivuji. Baba alicheka, nami nikaolewa Jilore. Mwaka wa pili tukapata mtoto, Mapenzi, na tangu hapo Kenga hakuniita kwa jina lingine ila Mama Mapenzi.

Mafuriko ninayoyaeleza yalikuja katika masika, miaka minne kabla ya vita vya Wagiriama na serikali. Mvua ilinyesha bara siku kumi na moja bila kukatika, na Sabaki ikashuka nyekundu, imebeba miti mizima. Ilifika baharini siku ya bamvua, maji ya bahari yamejaa kabisa na upepo wa kusi unayasukuma nchi kavu. Mto ulikosa pa kutokea. Maji ya mto na maji ya bahari yalikutana Kizingo, yakakaa humo siku moja na nusu. Watu tisa walikufa. Nyumba zilizosimama zilikuwa sita, na minazi ililala chini yote ikielekea upande mmoja kama majani yaliyochanwa.

Habari zilifika Jilore kwa mdomo wa mchuuzi wa samaki wakavu, ambaye safari ile alikuja bila samaki. Hakuna aliyetuagiza kwenda. Watu walizungumza, wa kanisani na wasio wa kanisani, na asubuhi ya tatu tukaondoka watu ishirini na wawili, wanaume kumi na wanne na wanawake wanane. Tulichukua majembe, mitaimbo, mashoka, na chakula chetu wenyewe: mahindi na muhogo mkavu, wa kutosha mwezi mmoja. Jambo la chakula tuliliona kuwa ni la adabu. Mtu haendi kwa waliofikwa na msiba akawa mdomo mwingine wa kulishwa.

Kiongozi wetu alikuwa Kenga. Kahindi, mume wa dada yake, alikuja kushika kamba, maana Kenga hakushuka kisimani kama kamba haiko mikononi mwa Kahindi. Hao wawili waliitana mulamu, yaani shemeji, na hawakupumzika kutaniana.

"Mulamu," Kahindi alisema njiani, "mkeo amebeba kitabu. Kikiiva utaniita."

"Wewe hutakiweza," Kenga alimjibu. "Kinataka mtu mwenye meno ya mbele."

Kahindi alikuwa na pengo. Alicheka mpaka ikambidi kutua mzigo.

Kizingo tulipokelewa vizuri, ila kwa sauti ndogo. Watu walikuwa wamekaa katika baraza ya msikiti na chini ya matanga ya mashua yaliyofungwa kwenye vigogo. Mzee wa kijiji alitushika mikono mmoja mmoja. Aliyefuata kutusalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyejifunga kwa heshima zote kanga iliyotoboka, kama kwamba ni hariri. Huyo alikuwa Bi Mwanashehe. Kizingo kulikuwa na visima vinne. Vitatu vilijaa tope na maji ya bahari. Cha nne, kilichokuwa juu kidogo karibu na msikiti, kilibaki salama, nacho kilikuwa wakfu wa babu yake Bi Mwanashehe. Yeye ndiye aliyekitunza.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Msituone tumekaa. Tungekuwa na kitu tungesimama."

Tulifanya kazi wiki ya kwanza bila tatizo. Wanaume walikata boriti za mikoko, wakasimamisha nyumba. Sisi wanawake tulizoa tope na kusuka makuti pamoja na wanawake wa pale. Dhirajlal, mwenye duka Malindi, alituma kwa punda madebe thelathini ya mafuta ya taa, matupu, yamesafishwa, na kamba mpya, ili watu wapate vyombo vya kuchotea maji, kwa kuwa mitungi yao ilivunjika. Kila mtu alimshukuru. Adhuhuri sisi wa Jilore tulikaa kando, tukapika ugali wetu, tukala. Nyakati hizo wanawake wa Kizingo waliingia ndani au waligeuka upande wa bahari. Niliona, nikadhani ni kiburi, na kiburi mimi nakifahamu nikikiona. Sikuuliza.

Hapa sina budi kueleza desturi moja. Kwetu kuna kazi ya mweria. Mwenye shamba au nyumba huwaita majirani, nao huja na majembe yao, naye huwapikia. Kwa kuwa amewapikia, anaweza kusimama na kusema: mstari huu umepinda, rudieni. Asiyepika hasemi. Mtu ambaye hajalisha wafanyakazi akaanza kuwaelekeza, watu huweka majembe chini na kwenda zao, wala hakuna wa kuwalaumu. Watu wa pwani nao wana ushirika wa namna hiyo, ijapokuwa hawanywi tembo, na kwao sheria ni hiyo hiyo. Sisi tulikuja bila kuitwa na tulijilisha wenyewe. Hakuna kati yetu aliyefikiri maana yake.

Siku ya tisa kile kisima kimoja kilianza kuishiwa. Watu wa nyumba sitini, zilizosimama na zilizoanguka, walikuwa wakichota hapo kwa madebe, na ilipofika adhuhuri debe lilipanda na mchanga. Kenga alishuka. Maji yalimfika vifundoni. Aligonga chini kwa mtaimbo, akakuta jiwe laini la matumbawe. Alipopanda aliwaambia watu kwamba maji hayajaisha, yamekimbilia chini, na yeye atayafuata.

Bi Mwanashehe alikuwa amesimama karibu.

"Unakwenda chini, mwanangu?" aliuliza.

"Naam, mama. Pima moja. Labda na nusu."

"Pima moja na nusu," alisema.

Kenga alikuwa mtu wa kusikiliza, na alisikia kitu katika sauti ile. "Una neno, mama?"

Mama yule alitazama upande wetu, kwenye mafiga yetu na chungu kilichokuwa juu yake. "Mimi nina neno gani?" alisema. "Kazi ni yenu."

Alichimba siku tatu. Siku ya tatu jiwe lilitoboka na maji yakaja kwa nguvu, yakamfika kifuani kabla Kahindi hajamvuta. Yalikuwa mengi na matamu. Watu wa Kizingo walichota mpaka jioni na kisima hakikupungua hata shibiri. Kenga alikaa ukingoni akiwatazama wanawake wakijaza madebe. Sikumbuki kumwona ametua moyo kama siku ile.

Kesho yake maji yalikuwa matamu bado. Keshokutwa uji wetu ulikuwa na ladha, nami nikamwambia Kadii, mwenzetu aliyekuwa na zamu ya kupika, kwamba ametia chumvi mara mbili.

"Sikutia hata mara moja," Kadii alisema.

Tulitazamana. Kenga alinyanyuka, akaenda kisimani, akachota kwa kiganja. Alionja, akatema, akaonja tena. Ilipofika siku ya nne baada ya kutobolewa, maji yale hayakuwa na tofauti na ya bahari.

Hakuna mtu wa Kizingo aliyemkemea. Angekemewa ingekuwa nafuu. Mzee wa kijiji alikuja na wazee wawili, wakakaa kitako mbele yake. Walimshukuru kwa nyumba zilizosimamishwa. Kisha mzee alisema kwamba wanawake wanatembea mwendo wa saa moja kufuata maji mekundu ya mto, na watoto wameanza kuhara.

"Leo Jumapili," alisema. "Tumeamua. Ijumaa tukisha kuswali tutafunga mizigo, tuhamie Malindi. Kijiji bila maji si kijiji. Msihuzunike, mmefanya kazi kubwa."

Kila aliyesikia alielewa. Malindi watu wale wangekuwa wa kuomba kiwanja nyuma ya nyumba za wengine. Mashamba yao yangebaki, na makaburi ya wazazi wao, na yale makaburi tisa mapya. Mafuriko yalishindwa kuwaondoa. Aliyewaondoa ni Kenga wa Masha, kwa jembe alilokuja nalo kuwasaidia.

Kahindi alifunga mzigo wake. "Mulamu, twende. Hawajatufukuza. Hii ndiyo nafasi ya kuondoka na nguo zetu."

"Nenda," Kenga alisema.

"Nani atakushikia kamba?"

"Basi kaa."

Kahindi alifungua mzigo. Kenga alikaa muda mrefu, mikono juu ya magoti. Kisha aliniita.

"Mama Mapenzi. Siku ile nilimuuliza yule mama kama ana neno. Alitazama nini?"

"Alitazama chungu chetu," nikasema.

Nilipompelekea ugali wa adhuhuri alikataa. Aliinuka, akanawa uso, akaenda moja kwa moja hadi nyumba ya Bi Mwanashehe, moja ya zile sita zilizosalia. Sisi tulimfuata, tukasimama nje.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kula," Kenga alisema.

Nyuma yangu Kahindi alinong'ona kwamba chumvi imempanda mulamu kichwani. Nami nilifedheheka. Kumwendea mtu mwenye njaa na kudai chakula ni jambo ambalo katika nyumba ya baba yangu hata mtoto asingethubutu.

"Sina kitu, mwanangu," Bi Mwanashehe alisema.

"Hicho hicho, mama."

Alimtazama kwa makini. Kisha alitandika mkeka. Alikuwa na mtama ulioloa katika mafuriko, aliokuwa ameuanika na kuutwanga. Aliupika kwa maji ya kile kisima, kwa kuwa hakuwa na mengine, ukatoka mweusi, una harufu ya tope. Kitoweo kilikuwa kipande cha papa mkavu kisichozidi vidole viwili. Alimmiminia Kenga maji ya mikono, yeye mwenyewe, akasimama pembeni kama anavyosimama mwenye nyumba mgeni anapokula. Kenga alikula mpaka akafuta sahani.

"Mungu akuzidishie, mama," alisema. "Sasa nimekula chakula chako. Niambie."

Naye akaambiwa. Sauti iliyokuwa ndogo tangu tulipofika ilitoka mpaka msikitini.

"Wewe mtu mzima, una mke, una mtoto. Nani alikufunza kuchimba kisima kama mtu anayezika ng'ombe? Huko kwenu maji yako chini. Hapa chini iko bahari. Maji matamu ni ya mvua, yameelea juu ya chumvi kama tui zito lilivyoelea juu ya maji yake. Mtu akitaka tui huengua juu juu, kwa kata ya kifuu, polepole. Wewe umetia mkono mpaka chini ya bakuli ukakoroga. Na yale madebe ya yule mwenye duka, Mungu amlipe kwa nia yake, yale nayo ni mabaya. Kisima hiki kilichotwa kwa kata tangu babu yangu. Mpaka umefika wewe kukitoboa, madebe yalikuwa yamekwisha kukikausha."

"Ulijua tangu siku ya kwanza," Kenga alisema.

"Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

"Umekuja na jembe lako, na unga wako, na kuni umeokota mwenyewe. Siku kumi na tano unafanya kazi katika kijiji changu na hujaonja hata tonge yangu. Ningesema kwa mdomo gani?"

Nje watu wa Kizingo walikuwa wamekusanyika, na mwanamke mmoja akasema, "Mwambie na mkewe, bibi. Chungu chao kinanukia mpaka kinatutukana." Watu walicheka, na wa Jilore wakacheka. Mimi sikucheka siku ile.

Toka hapo utaratibu ulibadilika. Kila adhuhuri nyumba moja ya Kizingo iliwalisha watu wa Jilore, kwa chochote, hata kama ni nazi moja kwa watu wanne. Mahindi yetu tuliyatia katika vyungu vyao, yakapikwa na wao, yakaandaliwa na wao. Mimi nilipinga jambo hilo siku nzima, nikiona ni kula jasho la maskini, na nakiri kwamba nilikosea. Siku ya pili yake wanawake wa Kizingo walianza kutuambia kwamba makuti yetu tunayasuka mapana mno na mvua itapita. Walisema kweli.

Bi Mwanashehe alimchukua Kenga nyuma ya tuta la mchanga, upande wa bara, penye kichaka cha mikindu. Alisema mkindu hauoti ila juu ya maji matamu. Kenga alianza Jumanne. Bi Mwanashehe alikaa ukingoni juu ya kigogo, akisuka ukili wake, jicho likiwa shimoni. Pima ya kwanza alimwacha atumie jembe. Pima ya pili alimnyang'anya jembe, akampa kifuu cha nazi. Alhamisi kabla ya alasiri mchanga ulilowa, kisha maji yakaanza kujikusanya.

"Basi," alisema.

"Mama, hayajafika goti."

"Basi, nimesema."

Mimi, niliyekuwa ukingoni karibu na Bi Mwanashehe, niliona mkono wa Kenga. Kifuu kilikuwa tayari kimeinama mchangani. Mkono ule ulifundishwa na Masha, na Masha alifundishwa na wajomba zake, na wote walimwambia kitu kimoja tu maisha yake yote.

"Mulamu," Kahindi alisema kutoka juu, "amekulisha. Mtii."

Kenga alimrushia kifuu, akapanda.

Kisima kiliachwa kitulie mpaka Ijumaa. Asubuhi watu walikuja, wengine mizigo imekwisha fungwa. Bi Mwanashehe alishusha kata, akaipandisha, akanywa. Alimpa Kenga, naye akanywa, akampa mzee wa kijiji. Mzee alikunywa yote, akageuka.

"Fungueni mizigo," alisema.

Tulikaa Kizingo wiki tatu zaidi. Kilichimbwa kisima kingine kama kile, kifupi, hatua arubaini kutoka cha kwanza, na kila nyumba ikawekewa zamu ya kuchota kwa kata, asubuhi na jioni. Madebe yalikwenda kuezekea vibanda vya kuku. Kile kisima cha wakfu Kenga alikirudishia mawe na mchanga mpaka kina chake cha zamani, akitumaini maji yatatulia. Hayakutulia. Kila mwaka baada ya masika alishuka Kizingo kuyaonja, akarudi Jilore, nami nikamuuliza, naye akanijibu neno moja: "Bado."

Jina la Kisima cha Kenga lilianza kwa watoto, likashikwa na wakubwa. Kenga hakulikataa. Mimi nililikataa. Nilimwambia mara nyingi aende kwa mzee wa kijiji aombe kisima kiitwe kwa jina la wakfu, au kwa jina lolote. Alikuwa akisema, "Acha, Mama Mapenzi," basi, hakuongeza. Aliendelea na kazi yake, na visima vyake vya bara vinatoa maji mpaka leo, anayetaka akavitazame. Lakini alipoitwa pwani hakugusa jembe kabla ya kula chakula cha nyumba ile. Watu wasiojua walimwita Mla Kwanza, wakasema ni mroho. Alipolala na homa, siku ya nne, aliniomba maji, nikampa, akayaonja kwanza kwa ncha ya ulimi kama alivyozoea. Kesho yake alfajiri akafariki.

Mwaka uliofuata watu walikuja kumposa Mapenzi, na mmoja wa wajomba wa kijana, akidhani simsikii, aliuliza kama hii ndiyo nyumba iliyotia chumvi kisima cha watu. Posa haikuharibika. Lakini nilikata shauri. Nilivaa, nikashuka Kizingo mimi mwenyewe, kuomba jina la mume wangu liondolewe pale.

Bi Mwanashehe nilimkuta hai, macho yamepungua nguvu, ulimi haujapungua. Nilipotaka kusema nililojia alininyamazisha.

"Kula kwanza."

Nilikuwa ninakula, wali wa nazi safari hii, alipobisha hodi mchimbaji kutoka upande wa Kilifi. Alikuwa mtu wa makamo, ana mtaimbo mzuri. Aliitwa na wazee kwa sababu kijiji kimekua na kisima cha mikinduni kinapungua wakati wa kaskazi. Amekwisha kukitazama, alisema. Kinataka pima moja tu.

Bi Mwanashehe aliomba fimbo yake. Alimwongoza mtu yule mpaka karibu na msikiti, nami nikafuata. Kwenye kile kisima cha zamani alichukua kata, akaishusha mwenyewe, akampa.

"Kunywa."

Mtu yule alikunywa, akatema, akafuta mdomo kwa mkono wa kanzu.

"Ni kisima cha nani hiki?" aliuliza.

"Cha Kenga wa Masha, wa Jilore," Bi Mwanashehe alisema. "Alikiongeza pima moja na nusu. Na alikuwa mchimbaji bora kuliko wewe."

Mtu yule alitazama ndani ya kisima, kisha akatazama mtaimbo wake. Aliuweka begani. Alisema labda ingefaa achimbe kingine kifupi, kando, kama bibi atamwonyesha mahali.

"Nitakuonyesha," Bi Mwanashehe alisema. "Ukisha kula."

Aliporudi barazani aliketi, akapumua, akanigeukia.

"Ulikuja na neno, mwanangu. Ni neno gani?"

"Sina neno, mama," nikasema. "Nimekuja kukusalimu."